Ukulele Tuliyoipima Nyuma ya Ukuta

Mwalimu wenu wa useremala alikuja kwangu hapa Kitale Jumamosi, akakaa kwa kile kiti changu ambacho mguu mmoja unacheza, akaniomba niwaandikie nyinyi wanafunzi wake mambo ya kazi. Nikamwambia shule mimi nilifika darasa la nne tu. Akaniita nyanya kwa Kikuyu, akasema, "Shosho, si uandike vile unaongea?" Basi nimeandika vile naongea. Mkipata makosa ya kuandika, nyamazeni. Mkipata makosa ya mbao, hayo mje mniulize.

Na kiti msikicheke. Kiti cha fundi mwenyewe hutengenezwa mwisho, na mimi sijafika mwisho.

Nilifanya kazi miaka thelathini na mbili kwa karakana moja nyuma ya soko. Miaka kumi ya kwanza sikushika msumeno. Mwanamke siku hizo alipewa msasa na vanishi, basi. Fundi mkubwa alikuwa Barasa, Mbukusu wa kule Lwakhakha, mtu mrefu wa maneno machache. Siku ya kwanza alinipa ubao nilainishe. Nikapiga msasa, nikautazama, nikaona umekuwa kioo. Nikampelekea.

"Mama Nyambura, funga macho," akasema.

Nikafunga.

"Sasa pitisha mgongo wa vidole. Si tumbo la vidole, tumbo limezoea jembe. Mgongo."

Nikapitisha. Nikasikia mabonde kama ya barabara ya Matulo mvua ikinyesha. Nilirudi nikapiga tena mpaka saa nane. Kwa hivyo nyinyi mnaopiga picha kazi yenu na simu mkisema imeiva, fungeni macho kwanza.

Barasa pia ndiye alinifundisha kujua mbao mbichi bila mashine. Unaweka ubao kwa shavu. Ukiwa mkavu hausikii kitu. Ukiwa na maji ndani, unasikia baridi kama mtu amekuwekea sufuria la maziwa ya asubuhi. Wauzaji wa mbao walikuwa wakiniona nakuja na shavu langu wanaanza kusema, "Huyo mama tena, bana." Na mimi nanusa, nashika, naweka shavu, naacha mbovu kwao.

Makosa nayo nilifanya, sitawaficha. Moja lilikuwa la kila siku: mimi nikiona mstari wa penseli kwa mbao, mkono unawasha mpaka niutoe. Kuna asubuhi nilikuta mbao kumi na mbili za kitanda zimelazwa mezani, zimechorwachorwa. Nikaona ni uchafu. Nikazisafisha zote, safi kabisa, nikazipanga. Barasa akaja na msumeno. Akageuza ya kwanza, akageuza ya pili. Akakaa chini kwa vumbi.

"Mama Nyambura," akasema, "hivyo vilikuwa vipimo vyangu vya jana mchana wote."

Hakunipigia kelele. Alinipa penseli na futi, akanifundisha kupima. Kwa hivyo naweza kusema nilianza kushika msumeno kwa sababu ya ujinga wangu.

Sasa, vipande. Kila karakana ina vipande vinavyobaki. Wenzangu walibeba za kuwasha jiko. Mimi nilikuwa nachagua zile nyembamba zilizonyooka, nazifunga kwa kamba, nazilaza juu ya dari ya nyumba yangu. Bwana yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa akiuliza kama tunajenga nyumba ingine huko juu. Nilipostaafu dari ilikuwa imeanza kuinama. Na kila kipande nakijua. Hiki ni saipras ya dari ya nyumba ya mzungu mmoja mzee iliyobomolewa. Hiki ni mahogani ya droo ya kabati lililoliwa na mchwa upande mmoja. Hiki ni mvule, mguu wa benchi la kanisa tulilorekebisha mara tatu mpaka pasta akachoka, akanunua viti vya plastiki.

Ukulele ilitoka kwa vipande hivyo. Lakini siwezi kuwaambia ya ukulele bila kuwaambia ya mkono, kwa hivyo ngojeni.

Msichana wangu Nyambura aliolewa Bumula, kule Bungoma, na kijana wa Kibukusu anaitwa Wafula. Wafula anafundisha watoto kuimba kanisani na anapiga gita. Siku ya harusi watu walikuwa wengi, sikuona kitu. Lakini Nyambura alipozaa Nekesa, nilifunga safari na unga wa uji na njahi, yale maharagwe meusi ya mama mzazi, nikaenda kuona mjukuu. Wafula akanipokea kwa geti. Sisi Wakikuyu, watu wetu walitoka upande wa Nyeri, kwetu mgeni anasalimiwa kwa mkono. Nikanyoosha mkono.

Yule kijana aliruka nyuma. Nasema aliruka, kama mtu ameona nyoka. Akakanyaga sahani ya maji ya kuku, maji yakamwagika, yeye macho chini. "Mulembe, mama," akasalimia kwa Kibukusu, kwa sauti ndogo, halafu akapotea nyuma ya nyumba. Mkono wangu ukabaki hewani mbele ya majirani wawili na mbuzi. Chakula hakuja kula na sisi. Mpaka jioni naondoka, sikumwona tena.

Nyambura alijaribu kunieleza. "Mama, ni mila yao. Mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai meza moja. Ni heshima."

"Heshima gani ya kukimbia mtu?" nikamwambia. "Bwana yako ameniona mimi ni uchafu. Na mimi mahali naonwa uchafu sirudi."

Na sikurudi. Miaka saba. Nyambura ndiye alikuwa anakuja Kitale na mtoto shule zikifungwa. Sijui jikoni kwa msichana wangu kunanuka nini, sijui anakaa akitazama wapi akimenya viazi. Mnaona mimi ni mtu mgumu, na ni kweli. Lakini ugumu ukikaa sana unakuwa kama gundi iliyosahaulika kwa mkebe. Hushikanishi nayo kitu tena.

Basi siku moja Nyambura akanipigia simu. "Mama, Nekesa analilia gita ya babake, na vidole havifiki. Kuna ingine ndogo inaitwa ukulele, nyuzi nne tu. Si wewe ni fundi?"

Akanitumia picha kwa simu. Niliitazama siku mbili. Nikapanda dari.

Na nitawaambia ukweli, kwa sababu kazi ya mbao haitaki uongo. Nilisema moyoni: nitamtengenezea huyu mtoto kitu kizuri mpaka babake akione kila siku, akumbuke mkono alioukataa ndio ulikitengeneza. Hayo ndiyo mawazo niliyoanza nayo. Kuanza na mawazo mabaya si shida sana, shida ni kumaliza nayo.

Sikilizeni vile ilijengwa. Kifua cha mbele ni ile saipras ya dari. Mbao iliyokaa juu ya nyumba miaka mingi imekauka mpaka ndani, ukiigonga na kifundo cha kidole inajibu. Mbao mbichi ukiigonga inakohoa. Niliiranda mpaka ikawa nyembamba kama biskuti, na hapo ndipo fundi mwenye haraka anatoboa. Mgongo na mbavu ni mahogani ya droo. Mbavu lazima zipinde, na mbao haipindi kwa kuambiwa. Niliziloweka kwa maji moto, nikatia makaa kwa kipande cha bomba la chuma, nikawa nazikunja hapo pole pole, nikipaka maji na kitambaa. Mbili zilivunjika. Ya tatu ilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka, nikaacha kuilazimisha. Kubana gundi nilitumia mipira ya tyubu ya baiskeli, nimeikata kama kamba, nikazungusha mpaka ile kitu ikafanana na mtoto aliyefungwa bandeji hospitali. Shingo na ubao wake wa juu ni mvule ya benchi. Nyuzi ni nailoni ya kuvua samaki. Na zile waya ndogo zinazolala kwa shingo, mahali kidole kinafinya, nilikata spoki za pikipiki.

Waya ndizo zilinimaliza. Kwa picha nilihesabu kumi na mbili kutoka kichwani mpaka penye shingo inaingia kifuani. Nikapima urefu huo, nikagawanya mara kumi na mbili, sawa sawa, kama ngazi. Maisha yangu yote nimepanga misumari hivyo, mbao za kitanda hivyo, rafu za kabati hivyo. Nani angeniambia kuna kitu cha mbao kisichotaka sawa sawa? Nikapiga msasa namba ya mwisho, nikapaka mafuta. Nikapitisha mgongo wa vidole, macho nimefunga. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nimewahi kufanya.

Nikaitia kwa gunia, nikampa jirani aliyekuwa anaenda Bungoma aifikishe.

Wiki mbili, ukulele ikarudi. Imefungwa kwa leso, ndani ya gunia lile lile. Hakuna barua. Nilihisi ule mkono wangu uko hewani tena. Nikaifungua. Na kwa shingo, katikati ya waya zangu, mtu alikuwa amechora mistari ya penseli! Midogo, myembamba, mingine karibu na waya, mingine mbali. Kwa kazi yangu niliyomaliza!

Sikuuliza mtu. Nilichukua msasa nikafuta yote. Nikapaka mafuta tena. Nikajisikia vizuri kama mtu amekunywa chai ya maziwa.

Jioni Nyambura akapiga. "Mama, umeona alama za Baba Nekesa?"

"Alama gani?"

"Za penseli. Alikaa Jumamosi nzima na gita yake, akitafuta penye kila waya inafaa kukaa. Mama, anaisifu hiyo kazi! Anasema hajasikia kisanduku kinashika sauti hivyo. Ati ikiwa wazi ni sawa, ukifinya waya ya mwisho ni sawa, ni hapo katikati tu inapotea."

Nekesa akanyakua simu. "Shosho, inadanganya!"

"Nani anadanganya?"

"Ukulele yako. Unaiambia do, inakuambia kitu ingine."

"Mpe mamako simu," nikasema. Nyambura akarudi. Nikamwuliza, "Na mbona bwana yako hakuandika barua, aseme nimekosea wapi?"

"Mama, akuandikie wewe ati umekosa? Mama mkwe wake? Hiyo penseli yenyewe aliishika kama anaiba." Msichana wangu ananijua. "Mama. Usiniambie umepiga msasa."

"Nimeshapaka hata mafuta," nikasema.

Alicheka mpaka nikasikia simu inaanguka. Aliporudi hakuwa anacheka tena. Alisema, "Hatachora mara ya pili. Anasema akirudia itakuwa kama anakusahihisha. Mama, kuja wewe."

Nilikaa na ile ukulele kwa mapaja. Na hapo, watoto wangu, ndipo nilimkumbuka Barasa. Kuna siku mama mmoja mzee alikuja karakana kuulizia kabati. Barasa kumwona tu, akaweka randa chini, akaruka ua wa mabati na urefu wake wote, suruali ikapasuka. Alikaa kwa shamba la jirani mpaka yule mama akaondoka. Sisi tulicheka hadi tukaegemea mbao. Aliporudi akasema tu, "Huyo amezaa bibi yangu. Nitasimama vipi mbele yake na suruali ya kazi?" Na kweli, lile kabati alilitengeneza kwa mvule tupu, na hakukubali mwingine aliguse.

Hiyo nilikuwa naijua. Niliiona na macho yangu, nikaicheka. Kitu kile kile kilipokuja kwa geti ya Bumula, sikukitambua, kwa sababu mkono ulikuwa wangu.

Niling'oa ule ubao wa juu wa shingo, nikaweka mpya wa mvule, mtupu, bila waya. Nikafunga vyombo kwa mfuko. Nikaenda Bumula.

Nyambura alinikalisha jikoni kwake, jiko la kuta za udongo lenye dirisha dogo juu. Nikaona hapo anamenyea viazi: karibu na mlango, anatazama shamba la miwa. Wafula sikumwona. Lakini nyuma ya ukuta nilisikia stuli inavutwa, halafu gita ikaguswa.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, Baba Nekesa."

"Kitale mko aje?"

"Mahindi yanakauka. Hapa?"

"Hapa ni miwa, mama. Miwa na matope." Akajaribu uzi mmoja. "Mama, uko tayari?"

"Niko tayari tangu saa mbili."

Tukaanza. Yeye anapiga sauti moja kwa gita, upande wake. Mimi upande wangu nimelaza kipande cha spoki chini ya nyuzi, nafinya, nagusa na kidole gumba, nasukuma spoki pole pole mpaka sauti yangu ifanane na yake.

"Shuka, mama."

"Nimeshuka."

"Umepita. Rudi kidogo, kama unene wa kucha. Hapo. Hapo hapo! Usipumue."

Nachora na ncha ya kisu. Kisu, si penseli. Tukienda hivyo nikaona nafasi zinapungua, zinapungua, kila waya inamkaribia mwenzake. Nikamwuliza ni kwa nini, kwa sababu mtu hawezi kufanya kazi asiyoielewa.

"Mama, ugali ukiwa mezani, mgeni wa kwanza anakata kipande cha ugali mzima. Wa pili anakata cha ile imebaki. Wa tatu cha ile imebaki tena. Si kila kipande kitakuwa kidogo kuliko cha mwenzake? Uzi nao hivyo. Unakata ile imebaki."

Miaka thelathini na mbili, na hakuna mtu alikuwa ameniambia hivyo. Nikaona Barasa angempenda huyu.

Kwa waya ya saba gita ikanyamaza. Nikafikiri ameenda.

"Mama," akasema, "ile siku ya geti."

Nikaweka spoki chini.

"Sikukataa mkono. Babu yangu ndiye alinilea. Kwake, kumshika mama wa bibi yako mkono ni kama kumwambia yeye ni rika lako. Wengine wameacha, hata wa kanisa letu wameacha. Mimi nilishindwa. Halafu ukaacha kuja, na mimi nitakuja Kitale kukueleza nikiwa nimesimama wapi?"

Nilitazama mikono yangu. Ilikuwa na vumbi la mvule.

"Nilidhani umeniona uchafu," nikasema.

"Mama, nilikanyaga maji ya kuku na viatu vyangu vya harusi."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka, na nyuma ya ukuta nikasikia naye anacheka akijizuia, kama mtu kanisani. Nyambura alikuja mbio na mwiko mkononi, akatutazama mmoja kwa dirisha na mmoja ndani, akarudi kwa sufuria yake uani.

"Na mimi nilifuta alama zako," nikasema.

"Niliambiwa. Nikasema msasa wa mama hauachi kitu."

Tukaendelea. Ya nane, ya tisa. Ya kumi ilitusumbua kwa sababu kuku alikuwa anatangaza yai. Ya kumi na mbili tulifika saa tisa, na hiyo hata mimi niliisikia peke yangu, kwa sababu inaangukia nusu ya uzi kamili. Nikaweka kisu chini. Nje gita haikupigwa. Stuli haikuvutwa. Nikaanza kufunga vyombo, pole pole kuliko vile huwa nafunga.

"Mama," akasema.

"Sema."

"Tuongeze moja."

Sasa nyinyi mnasomea kazi hii, mnajua. Ubao wa shingo ulikuwa umeingia kidogo juu ya kifua cha ukulele, na hiyo waya ya kumi na tatu ingelala hapo juu, mahali mtoto hawezi kufika bila kuvunja mkono. Hata mkubwa hafiki hapo vizuri. Mimi nimegombana na mafundi maisha yangu yote juu ya msumari usio na kazi. Nimewahi kumfukuza mtu kwa sababu ya urembo alioweka nyuma ya kabati, upande wa ukuta, ati ukae tu.

"Piga sauti yake," nikamwambia.

Akaipiga. Tuliitafuta hiyo moja kwa muda mrefu kuliko zingine zote. Kila nikiipata, anasema, "Kidogo tu, mama." Na mimi nikisikia tayari iko sawa, nasukuma kidogo, halafu narudisha.

Nekesa alitoka shule akatukuta hivyo. Nilikata mifereji, nikaweka waya na gundi, nikapiga msasa kila ncha isimkwaruze. Akaketi kwa mlango wa jiko akapiga, na safari hiyo ukiiambia do inasema do. Alikagua shingo yote na kidole chake, mjukuu wa fundi, mpaka akafika mwisho.

"Shosho, hii ya huku chini ni ya nini? Siifikii."

"Muulize babako," nikamwambia.

Akazunguka nyumba mbio akamwuliza. Nikasikia Wafula anamwambia, "Muulize shosho."